Kandili Nyeupe ya Mkuu wa Wilaya

Songgye mjini, 20 Novemba

Dada yangu,

Salamu kwanza, ugomvi baadaye. Sisi huku wazima. Wifi yako Yeon-suk goti bado linamsumbua, ila halimzuii kwenda kanisani kila alfajiri. Binti yetu Ye-rim alifanya mtihani wa kuingia chuo Alhamisi iliyopita. Alitoka ukumbini uso umempauka kama tofu, akasema tusimuulize kitu mpaka matokeo yatoke. Hatumuulizi. Tunamtazama tu, naye anasema kutazama pia ni kuuliza.

Sasa. Nimepiga simu kwenu mara saba. Mara saba, Dada! Kila nikisema, "Naomba kuongea na Mtawa Jamyeong," yule Mama Pil-nyeo wenu wa jikoni ananiuliza, "Wewe ni nani, mdogo wake au ofisi ya Mkuu wa Wilaya?" Nikisema ni mdogo wake, anasema, "Mdogo wake hana kawaida ya kupiga." Nikisema ni ofisi, anakata. Mimi ni wote wawili! Nijigawe? Ndiyo maana naandika barua kama watu wa zamani.

Jambo lenyewe ni hili. Mkuu wangu, Bwana Pyo Gwang-il, anataka kuja kukuamkia kabla hamjaingia mafungo ya baridi. Chai tu. Anajua unapinga magari ya nyaya ya kupandisha watalii mlimani. Wilaya nzima inajua, maana umeyasema gazetini mara tatu na mara moja kwenye televisheni, ukiwa umevaa ile kofia ya sufu ambayo Yeon-suk anasema inafaa kuchomwa moto. Lakini Mkuu hana kinyongo. Anagombea tena Juni, anasema uchaguzi hautaki maadui, na kiongozi lazima aketi na wenye mawazo tofauti. Ameshaketi na padri. Ameshaketi na yule mchungaji wa bondeni anayehubiri kwamba magari ya nyaya yataleta walevi. Umebaki wewe, mtawa wa Kibudha.

Ni nusu saa ya maisha yako na picha moja.

Halafu kesho gari letu litapandisha masanduku kumi ya kimchi, kabichi ya kuchachushwa. Tumeitengeneza wenyewe uwanjani, Mkuu akiwa na aproni na glavu nyekundu. Msije mkasema hatuwakumbuki.

Mdogo wako,
Gyu-sik


Makao ya Songpungam, 28 Novemba

Mdogo wangu Gyu-sik,

Barua yako imefika na kimchi yenu imefika. Theluji ya kwanza nayo imefika. Asubuhi nilipita kwenye msonobari wa Mama nikatikisa tawi lililokuwa limeinama kwa uzito. Majivu ya mwili wake yametulia pale chini kama tulivyoyaweka sisi wawili. Njia tu ndiyo imeota nyasi, kwa sababu anayepita ni mimi peke yangu. Mwambie Ye-rim shangazi yake hamuulizi kitu wala hamtazami. Mwambie Yeon-suk kofia ni yangu na kichwa ni changu.

Kuhusu kimchi. Gyu-sik, huu ni mwaka wa arobaini na moja dada yako ni mtawa. Bado hujui kwamba hatuli kitunguu saumu? Hatuli samaki? Masanduku kumi, na kila kabichi imepakwa kitunguu saumu na mchuzi wa dagaa, hata gari lilipokata kona ya kijiji tulishajua linakuja. Mtawa wetu mmoja aliyezaliwa pwani alikaa na huzuni siku nzima, harufu imemkumbusha kwao. Nimeyateremsha masanduku yote kwenye ukumbi wa wazee wa kijiji. Wamekula, wakanishukuru mimi. Mkuu wako hakutajwa.

Kuhusu chai, hapana. Sijawahi kumnyima mtu chai. Ninachokataa ni picha. Miaka minne iliyopita mtu huyu alipita mlangoni petu akitafuta kura hizihizi. Watawa walimwinamia, viganja vimeunganishwa, na yeye akaweka mikono nyuma ya mgongo akaitikia kwa kidevu, kwa sababu ni mzee wa kanisa na aliogopa waumini wenzake wangemwona. Kila mtu na dini yake, sikumlaumu. Lakini mtu ambaye shingo yake haipindi hata kwa salamu, anataka nini kwenye chai yangu?

Kesho tunafunga mlango. Miezi mitatu, mpaka mwezi mpevu wa kwanza wa mwaka mpya wa kalenda ya mwezi. Barua zikija, Mama Pil-nyeo ataziweka kwenye kikapu cha uyoga.

Jamyeong


Songgye mjini, 16 Disemba

Dada,

Najua hii inaenda moja kwa moja kwenye kikapu cha uyoga. Naiandika hivyohivyo, maana nisipoiandika nitaisema peke yangu ofisini, na wenzangu wameshaanza kuniangalia vibaya.

Ye-rim amepata. Si chuo alichokitaka bali cha pili, cha uuguzi. Alilia siku moja, siku ya pili akala tambi bakuli mbili, mambo yakaisha.

Kuhusu kimchi, nimekosa. Nilisahau. Lakini ungeweza kulisema hilo kwa mstari mmoja, Dada, si lazima unichune ngozi.

Kila Jumatatu Mkuu ananisimamisha kwenye lifti.

"Dada yako vipi?"

"Yuko mafungoni, Mheshimiwa."

"Anafanya nini huko?"

"Ameketi anatazama ukuta."

"Mpaka lini?"

"Mpaka Machi."

"Miezi mitatu mtu anatazama ukuta!" Akaniangalia kana kwamba ukuta nimeujenga mimi. "Na akimaliza, atakuwa amelainika?"

Nilimjibu sijui. Kwa miaka yangu hamsini na miwili sijawahi kukuona umelainika.

Gyu-sik


Songgye mjini, 2 Februari

Dada,

Barafu imeziba mabomba ya maji ya mtaa wetu kwa siku nne. Tunachota kwa jirani kama wakimbizi. Vinginevyo hatujambo.

Jana ilikuwa siku ya kumbukumbu ya kifo cha Mama. Tulifanya ibada nyumbani: nyimbo mbili, sala, picha yake mezani. Hakukuwa na chakula cha wafu, hakukuwa na kusujudu, unajua msimamo wetu. Ye-rim akauliza mbele ya mchungaji, "Baba, kwa nini hatujawahi kwenda kwenye mti wa Bibi?" Nikamwambia njia ina barafu. Akasema, "Na mwezi wa saba je?" Mtoto huyu amekufuata wewe.

Mkuu amezidi. Ameambiwa na washauri wake kwamba picha na watawa ina thamani kuliko mikutano kumi. Kuna mambo mengine mezani kwangu tangu Septemba ambayo siwezi kuyaandika hapa. Ukitoka, niandikie haraka. Nimechoka kuongea na kikapu.

Gyu-sik


Songpungam, 6 Machi

Mdogo wangu,

Nimetoka salama. Barua zako mbili zinanuka uyoga lakini zinasomeka. Hongera kwa Ye-rim. Mwambie kazi ya uuguzi na ya utawa zote ni za kuamka mapema na kusafisha vya watu, atazoea. Siku ya Mama niliketi nikitazama ukuta kama siku nyingine.

Mlipokuwa mnahangaika na maji, wapima ardhi walikuwa huku. Mama Pil-nyeo aliwaona wakipanda na vijiti vilivyopakwa rangi. Mafungo yalipofunguliwa tu nikapanda kuona. Kijiti cha kwanza kiko maegeshoni. Cha pili kiko kwenye mwamba. Cha tatu kimechomekwa hatua nne kutoka kwa Mama, na utepe mwekundu umefungwa kwenye msonobari wenyewe, kiunoni, kama ng'ombe wa mnada.

Wewe ni katibu wa Mkuu. Kila ramani inapita mikononi mwako. Nina swali moja tu: nguzo ya tatu ya magari yenu ya nyaya itasimama wapi?

Nijibu kwa mstari mmoja, si ndivyo unavyotaka watu waandike?

Jamyeong


Songgye mjini, 19 Machi

Dada yangu,

Nimefurahi umetoka salama. Yeon-suk naye amefurahi, amekufumia kofia mpya ya kijivu, ivae tafadhali. Ye-rim amehamia bwenini. Nyumba imekuwa kimya mpaka nasikia friji.

Na hapo ndipo penye ugonjwa, Dada. Ye-rim hatarudi. Arudi afanye nini? Shule ya msingi niliyosoma ina wanafunzi kumi na mmoja. Wodi ya wazazi imefungwa, na mtoto wa mwisho kuzaliwa ndani ya wilaya hii alizaliwa kwenye gari la wagonjwa, njiani. Pale palipokuwa na duka la kitambaa sasa kuna duka la vitanda vya wagonjwa. Wewe uko juu huko na upepo wako na mbuzi-mwitu wako. Unawaandikia magazeti kuhusu mbuzi-mwitu! Mbuzi-mwitu hawaandikishwi darasa la kwanza. Watalii wakija watakula, watalala, kijana mmoja au wawili watapata sababu ya kubaki. Bwana Pyo si malaika, lakini anajaribu. Kuna siku nakusoma gazetini natamani kuirarua karatasi.

Kuhusu nguzo, michoro bado haijakamilika.

Sasa nina pendekezo ambalo hata wewe hutalikataa. Chai umekataa, sawa. Lakini Sikukuu ya Kuzaliwa kwa Budha mlango wenu uko wazi kwa kila mtu, na kila mtu anaweza kutundikiwa kandili yenye jina lake. Mkuu atatundika kandili kwenu. Mzee wa kanisa anatundika kandili hekaluni! Ni hatua kubwa kwake, sijui kama unaielewa. Nimepata fomu kutoka hekalu kubwa la chini, nimeijaza mwenyewe kwa mkono wangu. Imo humu ndani.

Gyu-sik


Songpungam, 11 Aprili

Mdogo wangu,

Kofia imefika. Ni nzuri, mshukuru wifi. Mtawa wa pwani anaivaa.

"Michoro bado haijakamilika." Ulipokuwa na miaka saba ulivunja gudulia la soya la Mama, alipokuuliza ukasema halijavunjika vizuri. Sauti ni ileile, Gyu-sik.

Kuhusu shule umesema kweli. Jibu nimelitafuta kwa wiki tatu. Usifikiri kwa kuwa nakaa juu sioni: mwaka jana vijijini huku nilisoma sala za mazishi kumi na tisa, na sikualikwa kwenye sherehe ya mwaka wa kwanza ya mtoto hata mmoja. Lakini huwezi kunijibu swali la mti kwa hadithi ya shule.

Mkuu wako aje kama anavyokuja kila mtu. Atakula wali wa mboga za mwituni kwa foleni, ataosha bakuli lake.

Fomu nimeisoma. Pale penye rangi ya kandili umeweka alama kwenye nyeupe. Nakuuliza mara moja, sitauliza tena: una hakika?

Jamyeong


Songgye mjini, 4 Mei

Dada,

Salamu za nyumbani ni zilezile, goti ni lilelile.

Ndiyo, nina hakika! Nyeupe! Kandili ni nyeupe, zetu zote zilikuwa nyeupe, na nyeupe inatoka vizuri kwenye picha. Nina wapinzani watatu wa Mkuu, vipeperushi vimechapwa vibaya, mkalimani wa lugha ya ishara ana mafua, na wewe unaniuliza rangi. Tundika ilivyoandikwa. Nakuomba kitu kimoja baada ya miaka mingi, nacho unakifanyia usaili.

Gyu-sik


Songgye mjini, 25 Mei

Mtawa Jamyeong,

Sina salamu.

Nimeketi nyumbani saa nne asubuhi ya siku ya kazi kwa sababu nimeambiwa nisionekane ofisini. Wewe ulikuwa juu ya jukwaa ukigonga mbao ya sala na kuimba, kwa hiyo pengine hukuona vizuri. Acha nikusimulie.

Mkuu alifika na waandishi sita. Mlangoni mtawa wa pwani, na kofia ya mke wangu kichwani, alimwinamia. Na Bwana Pyo, namsifu kwa hili, aliunganisha viganja. Si vizuri, alionekana kama mtu anayejaribu kuzuia maji yasimwagike, lakini aliunganisha. Akala wali. Akaosha bakuli. Kila kitu kilikwenda sawa, nikaanza kupumua. Kisha akasema, "Haya, tuione kandili yangu."

Tukaitafuta uani. Mamia ya kandili, nyekundu, njano, kijani, pinki, majina yote ya wilaya hii yanapepea, lakini la kwake halipo. Waandishi wanafuata nyuma. Mama Pil-nyeo akapita na ndoo, nikamuuliza.

"Ya Mkuu? Iko kule nyuma, nyeupe."

"Nyuma wapi?"

"Kule kwenye ukumbi wa wafu, baba. Nyeupe unataka iwe wapi?"

Nilitaka kuwarudisha. Nikachelewa. Mkuu alishatangulia, na kandili yake ilikuwa mstari wa mbele, imetundikwa vizuri kabisa, na chini yake karatasi ya mwandiko wako mzuri: Roho ya marehemu Pyo Gwang-il izaliwe upya katika Nchi ya Raha.

Alisoma kwa sauti mpaka "marehemu." Mzee mmoja wa ukumbi wa kijiji, yule wa meno mawili, akasema, "Pole sana Bwana Mkuu, hatukupata taarifa," na wote wakaangua kicheko, waandishi nao wakapiga picha, na mimi nikamfokea Mama Pil-nyeo kama mwendawazimu mpaka ndoo ikaanguka.

Ulijua. Uliniuliza "una hakika" ukijua. Siku kumi kabla ya uchaguzi! Ungeniandikia neno moja tu. Niambie, hivi ndivyo wanavyofundishwa watu wanaotazama ukuta?

Gyu-sik


Songpungam, 28 Mei

Mdogo wangu,

Wewe huna salamu, mimi ninazo. Msalimie Yeon-suk. Msalimie Ye-rim, aliniandikia kwamba ameona picha bwenini, wenzake wamecheka mpaka wakakaa chini.

Ndiyo, nilijua. Niliuliza mara moja, nikanyamaza kwa makusudi, na sehemu yangu moja ilikuwa ikiomba ukosee. Hilo ni kosa langu. Nimelisujudia mara mia na nane, na magoti yangu si mazuri kuliko ya mkeo. Hasira ilinishika, na ilikuwa tamu. Nakuomba radhi. Mkuu wako nitamwandikia mwenyewe.

Lakini nimekaa nikijiuliza: mtu aliyezaliwa Songgye atakosaje jambo ambalo kila mtoto wa huku analijua, kwamba za rangi ni za walio hai na nyeupe ni za waliokufa? Kisha nikaisoma tena barua yako. "Zetu zote zilikuwa nyeupe." Gyu-sik, ulikuwa na miaka minne Baba alipofariki. Kila sikukuu Mama alikushika mkono mkaenda hekalu la chini kutundika kandili moja, uwezo ulikuwa wa moja tu, na ilikuwa ya Baba. Hukuwahi kuona kandili ya mtu aliye hai ikitundikwa na mtu wa nyumba yetu. Nilipolielewa hilo nililia jikoni, Mama Pil-nyeo akanipa kitunguu nikimenye kusudi nipate kisingizio, akasahau kwamba hatuli vitunguu.

Jingine. Uliposimama pale nyuma ukifoka, kandili ya kushoto kwa ile ya Mkuu ilikuwa ya Mama. Natundika kila mwaka tangu alipofariki. Chini ya jina la marehemu huwa kuna jina la anayetoa. Siandiki la kwangu, mimi nilishatoka nyumbani. Naandika la kwako. Ulikuwa karibu nalo kiasi cha kuligusa, na hukulisoma.

Na kwa kuwa naungama, nimalizie. Nimewaandikia magazeti kuhusu mbuzi-mwitu na chemchemi, na yote ni kweli. Lakini usingizi wangu haukukatwa na mbuzi-mwitu. Niliona aibu kusema ni mama yangu. Mtawa haruhusiwi kung'ang'ania majivu. Nang'ang'ania.

Sasa na wewe sema lako. Nguzo ya tatu.

Jamyeong


Songgye mjini, 12 Juni

Dada,

Hatujambo. Umeshasikia matokeo: ameshinda! Kwa kura mia mbili na tisa. Na unajua zimetoka wapi? Kwa wazee wako. Wamezunguka vijiji vyote wakisema mtu aliyeombewa kama marehemu angali hai huyo ataishi miaka mia, basi afadhali tumpe kazi. Jana ameniita. Nilidhani ni kunifukuza. Akafunga mlango, akaniuliza kwa sauti ya chini kama ile kandili bado ipo. Nikasema ipo. Akasema, "Wasiiteremshe." Mzee wa kanisa, Dada! Nimekuwa naye miaka minane na sijui kabisa nimekuwa na nani.

Basi, nakujibu, na haitakuwa mstari mmoja.

Nguzo ya tatu inasimama palepale penye mti. Nimelijua tangu Septemba. Mhandisi alipoweka kidole kwenye ramani nilikuwa nimeshika kikombe cha kahawa, nikaendelea kukishika. Kwa kuwa majivu yameandikishwa, mti hauwezi kung'olewa bila ridhaa ya familia, na msimamizi aliyeandikwa ni mtoto wa kiume. Mkuu alinipa fomu siku hiyohiyo akasema, "Bahati nzuri ni wewe, basi hilo limekwisha." Alikutafuta wewe kwa chai na kandili ili unyamaze. Mimi hakunitafuta, alijua nimeshanyamaza. Fomu imekaa kwenye droo yangu miezi tisa. Kila nilipotaka kusaini nilikuandikia wewe barua ya hasira badala yake. Nadhani ndiyo sababu zimekuwa nyingi.

Sikukufokea kwa ajili ya Mkuu. Siku ya mazishi ya Mama ulisujudu na mimi nikasimama. Mchungaji alikuwa nyuma yangu. Wewe hukusema kitu, wala leo hujasema, na kimya chako hicho kimenichosha kuliko magazeti yote.

Fomu imo humu. Haina saini. Bila saini hawawezi kuchimba pale, itabidi wachore njia upya, na kuchora upya ni mwaka mzima na zaidi. Sijasema magari ya nyaya ni mabaya. Shule bado ina wanafunzi kumi na mmoja. Nimesema si pale, na nimemwambia Mkuu uso kwa uso. Akanihamishia kitengo cha kuzuia moto wa misitu. Nimepewa kofia nyekundu na kipaza sauti. Yeon-suk alicheka, kisha akalia, kisha akapika supu ya mwani kana kwamba ni siku yangu ya kuzaliwa.

Fomu mpe Mama Pil-nyeo awashie jiko. Mwambie na ndoo nitamlipa.

Gyu-sik


Songpungam, 20 Juni

Mdogo wangu,

Kwetu wote wazima. Mvua zimeanza. Fomu imefika, na imepika wali wa Jumapili. Mama Pil-nyeo anasema ndoo haijavunjika, imebonyea tu, ila anataka aombwe radhi na mtu mwenyewe, si kwa barua.

Nina habari moja. Jumanne, kabla ya chakula cha mchana, mtu alikuja huku na mvua. Hakuingia ukumbini wala hakugonga. Alipita nyuma ya jiko akapanda moja kwa moja msituni, na viatu vya ofisi, akiteleza kila hatua ya tatu. Alikaa huko kama saa nzima. Aliposhuka utepe mwekundu ulikuwa mkononi mwake, na suruali yake ilikuwa safi kote isipokuwa magotini, na paji la uso lilikuwa na udongo. Mama Pil-nyeo akampa wali. Alikula bakuli mbili, akaosha, akaondoka bila kutaja jina.

Nilikuwa dirishani muda wote. Ningeweza kutoka. Nilishika kizingiti cha dirisha nikabaki pale, kwa sababu ningetoka ningesema kitu, nawe unajua ninavyosema vitu. Miaka arobaini na moja nimefundishwa kuachilia, na siku ile sikuachilia hata kidogo.

Kama unamfahamu mtu huyo, mwambie anunue viatu vya mlimani, maana nasikia sasa kazi yake ni huko. Mwambie akija tena agonge. Na asilete kimchi.

Kandili ya Mkuu wako bado inaning'inia, ameagiza isafishwe vumbi. Ile ya Mama nimeiteremsha isiloane. Fomu ya mwakani imo humu ndani. Nimeandika jina lake tu. Jina la anayetoa jaza mwenyewe, kwa mkono wako. Rangi nimeshaiweka alama mimi, tusije tukarudia ya mwaka huu.

Dada yako